Mwalimu Aliyekwenda Dukani Mwenyewe

Mimi majina hayanipotei. Niulize watoto waliosoma na Kabula wangu pale Buswelu, nitakutajia dawati kwa dawati: Nyanzala, Mathayo, Bahati wa Mama Sofia, Yohana mwenye kigugumizi, Tabitha na pacha wake Tabu. Jina la mwalimu ninayetaka kumsimulia nalijua pia, na la mkewe, na hata la mbwa wake. Lakini nitamwita kama tulivyomwita sote, Mwalimu wa Afya. Ukienda Buswelu leo ukataja lile jina la kwenye cheti chake, hata aliowafundisha watakuuliza ni nani huyo.

Kazi yake hasa ilikuwa hesabu. Afya alipewa kwa kuwa walimu wenzake hawakuitaka. Nani anataka kukagua kucha na masikio ya watoto wa watu asubuhi na mapema, halafu azunguke kuchungulia vyoo? Yeye aliipokea kazi ile kama mtu aliyepewa shamba. Alikuwa Mkerewe, mtu wa kisiwani, mrefu, mkavu kama muwa uliosahaulika juani, na sauti yake ilikuwa ndogo mpaka watoto wakanyamaza wenyewe ili wamsikie. Alikuwa na mashati mawili ya kazini, na yote mawili mfuko wa kifuani ulikuwa umetobolewa na moto wa sigara.

Ndiyo, alikuwa anavuta. Nalisema mapema usije ukafika katikati ukaona nimekudanganya. Mtu aliyewatoa watoto wetu kwenye sigara alikuwa mvutaji, na hakujificha. Mwalimu mkuu wetu, Pantaleo, ambaye alikuwa jirani yangu, alinihadithia jinsi alivyomsihi.

"Mwenzangu, ukishindwa kuacha basi vutia chooni, watoto wasikuone."

"Chooni ndiko ninakowakamata wao," akamjibu. "Sasa tukikutana huko, nani atamkamata mwenzake?"

Ilikuwa ile miaka maduka yalipofunguka. Sisi tuliokuwa watu wazima tulikuwa tumetoka kwenye miaka ya kukosa. Sabuni tulipanga foleni, kiberiti tulikitafuta mpaka tukakata tamaa, tukarudi kuombana moto nyumba kwa nyumba kama mabibi zetu. Halafu ghafla kila kitu kikaja. Wafanyabiashara wa mjini, Wahindi na Waswahili, wakajaza magunia na makatoni, na vijana wetu wakaenda kuchukua na kufungua vibanda. Sospeter, mtoto wa dada yake Pantaleo, alijenga kibanda chake cha mbao ng'ambo ya barabara, mkabala na shule. Biskuti, kalamu, pipi za kijiti, mafuta ya taa, na sigara za kila aina, unauziwa hata moja. Mtoto akitoka kununua kalamu, sigara ziko usawa wa macho yake.

Nisikufiche, sisi tulifurahi. Aliyetoka kwenye njaa haulizi chakula kimepikwa na nani.

Mwalimu wa Afya alikuwa na namna yake ya kukagua watoto pale mstarini. Hakuwaambia wafungue midomo. Aliwasalimia kwa mkono, mmoja mmoja, kuanzia darasa la tano mpaka la saba, kisha akapitisha kiganja chake karibu na pua kama mtu anayejifuta jasho. Watoto walichelewa sana kuelewa. Walidhani ni mwalimu mwenye adabu kupita kiasi. Kwa ajili ya kazi hiyo alinawa kwa sabuni kila alfajiri, na hakugusa sigara mpaka kengele ya mwisho ilie.

Pua hiyo ilimponza siku moja. Nyanzala alikuwa binti wa darasa la sita, mpole, mama yake akinunua samaki ziwani kule Igombe na kuwakausha kwa moshi nyuma ya nyumba. Msimu ule sangara walikuwa wengi, na Nyanzala alikuwa akiamka kabla ya jogoo kumsaidia mama kugeuza samaki juu ya kichanja. Mwalimu akamsalimia, akajifuta jasho lake lile, akamtoa mbele ya shule nzima. Mtoto akasimama pale akilia, hajui kosa lake.

Mama yake, Felista, hakwenda shuleni kugomba. Alimpelekea mwalimu samaki mmoja mkavu, amefungwa kwenye karatasi, akamwambia, "Mwalimu, nusa huyu. Halafu uniambie kama naye anavuta."

Kesho yake Mwalimu wa Afya alimwita Nyanzala tena mbele. Watoto wakajua sasa ni viboko. Yeye akasema kwa ile sauti yake ndogo, na ikabidi watoto wa nyuma wasogee wasikie: "Jana nilimkosea mwenzenu. Moshi wa samaki si moshi wa sigara. Pua yangu imeharibika kwa kuvuta, ndiyo maana haikujua tofauti. Nyanzala, naomba unisamehe."

Miaka ile mwalimu hakuomba msamaha kwa mtoto. Wazazi wengine walichukia. Mzee Lugwisha, baba mkwe wangu, aliposikia alisema, "Huyo si mwalimu, huyo ni mgeni aliyepotea njia." Lakini Felista alimpelekea samaki kila msimu mpaka mwalimu alipohama, na hakumtoza.

Usidhani alikuwa laini. Kwa kuchelewa alichapa, tena alichapa kwa hesabu kama anayepanda mahindi. Kwa sigara hakuchapa hata mara moja. Watoto wakasema kwake heri ukamatwe na sigara kuliko kukamatwa getini baada ya kengele. Nilimuuliza sababu. Akasema, "Aliyechelewa nikimchapa, kesho anawahi. Aliyevuta nikimchapa, kesho anavutia mbali zaidi na mimi."

Na alikuwa mjanja. Siku moja lilikuja gari la matangazo ya sigara, muziki juu, vijana wa mjini wamevaa fulana na kofia za rangi moja, wakasimama uwanja wa mpira jioni ya mechi. Wanagawa sigara bure. Watoto wakamiminika wote kule, na sare za shule wamevaa. Walimu wengine wakaanza kufoka. Mwalimu wa Afya akamfuata yule kijana mwenye kipaza sauti, akamsalimia vizuri, akamwambia, "Karibuni sana. Ila hapa kwetu ni Usukumani. Mkianza na watoto kabla ya wazee mtakuwa mmewatukana, na gari hili hamtaondoka nalo salama. Wazee kwanza."

Kijana akaogopa. Akatangaza, "Wazee kwanza." Na wazee wakaja. Wakatoka na wale wasioonekana hata kanisani, wengine wanatembelea fimbo, wengine wameshikwa mkono. Kisha wakaitwa akina baba, kisha vijana waliooa. Wazee wakarudi mstarini mara ya pili, na nani atamkatalia mzee? Kabla hawajamfikia hata mtoto mmoja, makatoni yalikuwa matupu. Gari likaondoka na muziki wake.

Baba mkwe wangu alivuta bure muda mrefu baada ya siku ile. Alikuwa akisema, "Yule Mkerewe, kwa jambo hili moja, ana akili." Hakujua kwamba mwalimu alimtumia kuwakinga wajukuu zake. Mwalimu naye hilo lilimkosesha raha. Aliniambia, "Mama Kabula, nimewaokoa watoto kwa kuwachoma wazee." Kisha akacheka, akaenda zake dukani kununua ya kwake.

Maana yeye alikwenda mwenyewe. Hilo ndilo watu walimchekea kuliko yote. Kila siku baada ya kengele ungemwona akivuka barabara, mtu mzima, mwalimu, ana watoto wake wanne nyumbani, anakwenda kununua sigara moja kwa mikono yake. Sospeter alikuwa akimtania, "Mwalimu, kwako hakuna hata wa kutumwa?"

"Wapo. Ila sigara ni yangu."

Wanaume waliokuwa wakicheza bao pale kando wakasema ndani ya nyumba yake hana kauli.

Sasa nije kwa Kabula, binti yangu.

Mwalimu wa Afya hakuita wazazi shuleni. Mtoto akiwa na jambo, alikuja yeye nyumbani, tena saa ya kupika, tena alikuja jikoni. Mwanaume, jikoni kwa mke wa mtu. Mara ya kwanza nilimkokotea kiti nikakiweka uwanjani, akakichukua akakirudisha ndani kwenye moshi. Siku hiyo nilikuwa namenya viazi vitamu vya kukausha. Akaomba kisu akaanza kumenya na mimi. Alimenya vibaya, anaondoa na nyama yake. Tukaongea mvua, tukaongea bei ya pamba, tukamsema Pantaleo kidogo. Nilishasahau kwamba ana jambo.

Ndipo akasema, bila kuinua macho, "Mama Kabula, Kabula anavuta sigara."

Nikacheka. "Kabula yupi?"

"Wa kwako."

"Mwalimu, huyu anayeimba kwaya? Huyu ambaye Pantaleo anasema atafaulu kwenda sekondari?"

"Huyo huyo."

Nikakiweka kisu chini. Huyo alikuwa mtoto wangu wa pekee. Niliishia darasa la pili mimi, nikatolewa kuja kulea wadogo zangu, na mtihani ule wa darasa la saba nilikuwa nikiungoja kama ni mimi nitakayeufanya. Nikamuuliza, "Kafundishwa na nani? Na Mathayo? Na akina Bahati?"

"Kafundishwa hapa."

"Hapa wapi? Baba yake yuko kiwandani Mwanza, anakuja mwisho wa juma, na havuti."

Mwalimu akachukua kiazi kingine. Akaendelea kumenya. "Tukae tu," akasema. "Utaona."

Haukupita muda. Nje, chini ya ukuta ambako babu yake Kabula, Mzee Lugwisha, alipenda kukaa, sauti ikaita, "Kabula! Moto!"

Kabula akaja mbio kama mtoto mwenye adabu. Akapokea sigara kwa babu kwa mikono miwili. Akaingia jikoni, akampigia mwalimu magoti, akamsalimia. Kisha akainama kwenye mafiga, akaiweka sigara mdomoni, akaigusisha kwenye kaa, akavuta. Akavuta tena ili ishike. Akasimama, akaenda mlangoni, na pale mlangoni akavuta ya tatu isizimike njiani. Akampelekea babu kwa mikono miwili.

Nilikuwa naliona jambo lile kila siku, mara nyingi kwa siku. Hata mimi nilimwashia babu yangu hivyo hivyo, na kaka zangu walimwashia. Ndivyo moto ulivyowafikia wazee. Kiberiti kilikuwa kitu cha kuwashia jiko asubuhi, ukishawasha unakificha. Na kumbe mtoto wangu alikuwa akivuta mbele yangu, mimi nikimwita mtiifu.

"Ya mlangoni hakuwa na haja nayo," mwalimu akasema polepole. "Umeiona? Sigara ilikuwa imeshashika. Ile aliivuta ya kwake."

Baadaye nikajua mengine. Alikuwa akinunua kwa Sospeter. Akiulizwa anasema ni za babu, na nani angeshangaa? Kila mtoto pale Buswelu alikuwa akitumwa sigara. Ndiyo njia yao wote, si Kabula tu. Ulikuwa umejificha ndani ya heshima, ule ugonjwa, na ndiyo maana hakuna aliyeuona isipokuwa mtu aliyetoka ng'ambo ya maji.

Safari hii mwalimu akaitisha mkutano wa wazazi. Akasema jambo lake fupi tu: mtoto asitumwe sigara dukani, na asiwashe sigara ya mtu. Mkubwa akitaka, ainuke.

Mkutano ukawa kama nyuki waliochokozwa. Mzee Lugwisha akasimama, na akisimama yeye wengine wote walikaa. "Mwalimu," akasema, "kwenu Ukerewe mtoto mnamlea namna gani?"

"Kama hapa, mzee."

"Hapa mtoto anatumwa. Mtoto asiyetumwa ni mgeni nyumbani kwake. Leo unasema asitumwe sigara, kesho utasema asitumwe maji. Mimi nikiinuka kwenda kwa Sospeter, watu watasema wajukuu zangu wamekufa?"

Watu wakacheka. Mwalimu akangoja wamalize. "Mzee, mtume maji. Mtume ng'ombe. Mtume hata Magu kwa miguu. Lakini unapompa sigara aiwashe, humtumi. Unamlisha."

Mkutano ukavunjika bila makubaliano. Nilimhurumia akitoka peke yake, na wale wa bao wakimwigiza anavyotembea.

Yeye akavuka barabara kwa Sospeter. Nilikuwa nimesimama pale nanunua chumvi, nilisikia kwa masikio yangu.

"Sospeter, usimuuzie mtoto sigara. Hata akisema ametumwa. Hata kama kweli ametumwa."

"Mwalimu, unataka niuawe? Nikimrudisha mjukuu wa Mzee Lugwisha mikono mitupu, mzee atakuja hapa na fimbo."

"Aje," mwalimu akasema. "Si atakuwa ameshafika dukani mwenyewe?"

Sospeter alicheka mpaka akashika kaunta. Nadhani kilichomshinda ni kicheko kile, si hoja. Kesho yake Kabula alitumwa akarudi hana kitu. Na kweli baba mkwe akaenda na fimbo yake, akafoka, akamtukana Sospeter na ukoo wake wote, akanunua pakiti nzima, akarudi. Njiani alikutana na wazee wengine wawili wanakwenda na fimbo zao. Tangu hapo pakawa na kijiwe cha wazee pale kwa Sospeter, wakalaumu dunia kila jioni, na nadhani walianza kupapenda.

Ikabaki kuwasha. Mzee akasema hapana, dukani nitakwenda, lakini siwezi kuinama jikoni kama mwanamke. "Kama mjukuu amekatazwa, basi mkwe ataniwashia."

Mkwe ni mimi. Kwetu, kitu kitoke mdomoni mwa mke wa mwanao kiingie mdomoni mwako, hilo halisemeki. Mama mkwe, Bibi Ng'wasi, akafunika uso kwa khanga, mabega yanatikisika kwa kicheko. Mzee mwenyewe aliposikia alichokisema akakohoa, akatazama ng'ombe.

Lakini alikuwa ameshatamka, na mimi sikuweza kukataa. Nikaingia jikoni. Nikachukua kigae cha chungu kilichovunjika, nikaweka kaa la moto, nikatoka, nikapiga magoti, nikakisukuma kigae mbele yake bila kumtazama usoni. Akainama na sigara mdomoni kulitafuta lile kaa. Akaunguza sharubu. Harufu ikafika mpaka zizini.

Siku ya tatu alinunua kiberiti.

Mwalimu nilipomwambia alitoka nje ya jikoni akacheka mbali, asije akaonekana anamcheka mzee.

Sasa njia zilikuwa zimefungwa, lakini mtoto alikuwa bado na kiu. Hilo hakuna aliyenifundisha. Kabula akawa mkali. Akavunja vyombo. Nilimkuta akiokota vipande vya sigara kwenye kijiwe cha wazee. Siku nyingine alikaa darasani kama anaumwa, hesabu zikamkimbia, na mwaka wa mtihani unakuja. Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumpeleka kwa mjomba wake kule Butimba, labda huko angesahau.

"Usimpeleke," mwalimu akasema. "Huko nako kuna duka."

Akamwita Kabula pale pale jikoni, mbele yangu. Hakumwambia habari za mapafu, wala mtihani, wala aibu. Alimwambia, "Kabula, mimi na wewe tuna ugonjwa mmoja. Tushindane. Usivute, na mimi nisivute. Kila jioni nitapita hapa, tuambizane ukweli."

Kabula akamtazama. "Na wewe mwalimu?"

"Na mimi."

Na akawa anapita. Jioni kwa jioni, anakaa jikoni, wanaulizana kama watu wazima wawili wanaoulizana hali ya mifugo. "Leo?" "Leo ilikuwa ngumu saa ya mapumziko." "Kwangu ilikuwa ngumu baada ya kengele." Watu wakaona havuki barabara. Sospeter akaja kuniuliza kama mwalimu ni mgonjwa. Alikonda, na hakuwa na pa kukondea. Darasani alifoka, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, na mkewe alisema nyumbani hakukaliki.

Halafu jioni moja alikuja, akakaa, hakushika kisu. Akasema, "Kabula, nimeshindwa. Leo nimevuta. Wewe je?"

Nilimwona mtoto wangu akinyanyuka pale alipokuwa amechuchumaa. Akanyooka. "Mimi sijashindwa," akasema.

"Kweli?"

"Kweli, mwalimu."

"Basi umenishinda."

Sijui kama unaelewa maana yake kwa mtoto wa darasa la sita, kumshinda mwalimu wa hesabu. Alitembea kijiji kizima na ushindi ule. Akawaambia Nyanzala na Tabitha na Tabu, na wao wakataka kushinda pia, na kuna wavulana waliokwenda kwa mwalimu kumwambia na sisi utushindanishe. Tangu siku ile hakurudi kwenye sigara. Mwaka uliofuata mtihani alifaulu. Mwalimu akaendelea kuvuka barabara kila jioni, na Kabula akikutana naye njiani alikuwa akimwinamia kwa heshima, kisha anamwambia, "Mwalimu, bado," na mwalimu anaitikia, "Hongera."

Mimi moyoni nilikuwa na swali. Nilidhani alishindwa makusudi. Nilidhani aliona mtoto anahitaji kushinda kitu, akampa. Mume wangu alisema hivyo pia, na Pantaleo. Tulimwona mkubwa zaidi kwa ajili hiyo. Lakini hatukumuuliza, na baadaye alistaafu akarudi kwao.

Miaka hii ya karibuni Kabula, ambaye sasa ana watoto watatu na anauza vitenge Buswelu, alialikwa harusi Nansio, kule Ukerewe, upande wa mumewe, akanichukua tukaenda. Magoti yangu hayapendi meli, lakini nilikwenda kwa sababu nilijua yuko kule. Tulimuulizia kwa jina lake la cheti, na kule ndilo walilomjua.

Tulimkuta amekaa kibarazani kwenye kiti cha kamba, miguu imefunikwa shuka. Miguu ilikuwa imekufa, haimbebi tena. Uwanja umejaa wajukuu, kama saba au wanane, wanamzunguka na kelele zao. Watu wazima wote walikuwa shambani.

"Shikamoo, mwalimu," Kabula akapiga magoti.

"Marahaba." Akamtazama muda. "Bado?"

"Bado."

"Hongera."

Tukakaa. Tukazungumza waliokufa, maana kwa umri wetu ndio wengi. Mzee Lugwisha, Bibi Ng'wasi, Felista. Kisha Kabula akauliza lile ambalo mimi sikuthubutu. "Mwalimu, ile siku ulisema umeshindwa. Ulishindwa kweli, au uliniachia?"

Mwalimu akatabasamu kidogo, halafu likaondoka tabasamu. "Nilishindwa kweli, mwanangu. Nilitaka kuacha kuliko wewe. Ningeweza, ningeacha siku ile."

Kabula akainamisha kichwa. Nikaona machozi. Mimi nilifikiri atahuzunika kwamba hakupewa zawadi. Kumbe alikuwa amejua sasa tu kwamba alishinda.

"Na sasa?" nikamuuliza.

"Sasa sivuti. Lakini sikuacha, Mama Kabula. Nimekosa wa kumtuma tu. Mchana nyumba hii ina watoto peke yao, na wakubwa wakirudi duka limeshafungwa."

Alisema bila kulalamika, kama mtu anayesema mvua haijanyesha. Mbele yetu watoto saba au wanane wanakimbizana, kila mmoja ana miguu mizima, na duka lilikuwa pale barabarani, tulilipita tukija.

Kabula akasimama. "Mimi si mtoto tena. Nitume mimi."

"Keti," akamwambia. Kwa ile sauti. Akaketi.

Basi nikainuka mimi. Hakunituma, na sikumuuliza. Nilishuka kibaraza kwa upande mmoja mmoja kama ninavyoshuka siku hizi. Msichana mmoja mdogo, wa katikati ya wale wajukuu, akanikimbilia, watoto wa kule wana adabu. "Bibi, unakwenda dukani? Nipe, niende mimi, utachoka."

"Nenda ukacheze, mama," nikamwambia. Nikaenda, taratibu, jua kali.

Niliporudi nilimwekea sigara kiganjani, na kiberiti. Akaishika, akaipitisha puani, akaishusha mapajani. Hakuwasha, asiwalishe moshi watoto waliomzunguka, yule msichana ameegemea goti lake la shuka. Akakaa akingoja wachoke, waende kuchezea mbali.

Tuligeuka getini kumpungia. Walikuwa bado hawajachoka.